Uchambuzi wa kisa: dawa ya vidonda vya tumbo ilipokutana na dawa ya lehemu

Mgonjwa wa kisa hiki ni mwalimu mstaafu wa miaka 69, mkazi wa jiji la Tanga, mwembamba wa kilo 57, ambaye aliletwa hospitali usiku na binti yake akiwa hawezi kunyanyuka kitini bila kushikwa mikono, na akiwa amekojoa mara moja tu tangu alfajiri, mkojo wenyewe mchache na mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Ni mgonjwa wa mfano. Nimemuunda kwa ajili ya kufundishia, kutokana na mambo ambayo vitabu vya tiba vinayaeleza na ambayo mfamasia yeyote wa dukani atayatambua, ili tufuate hatua kwa hatua namna dawa mbili nzuri, zilizoandikwa na waganga wawili ambao kila mmoja alikuwa na sababu ya haki ya kuziandika, zinavyoweza kumlaza mtu kitandani.

Mzee huyu alikuwa na shinikizo la damu kwa miaka 14 na kisukari kwa miaka 6. Kliniki ya presha na sukari ilimpa amlodipini miligramu 10 na losatani miligramu 50 kila asubuhi, metformini miligramu 500 asubuhi na jioni, na tangu mwaka mmoja uliopita, baada ya kipimo cha damu kuonyesha lehemu iliyozidi, simvastatini miligramu 40 kila usiku kabla ya kulala. Lehemu ndiyo ambayo wengi wetu tumezoea kuiita kolesteroli, na kidonge hicho cha mwisho nyumbani kwake hakikuitwa dawa ya lehemu wala dawa ya kolesteroli, bali kiliitwa tu kidonge cha usiku. Figo zake zilikuwa zimeanza kuchoka kidogo, kwani kreatinini yake kliniki, ile taka ya damu inayopanda figo zikichoka, ilikuwa mikromoli 121 kwa lita, kiasi ambacho kwa mtu wa umri wake na mwenye kisukari hakimshtui mtu ila humtaka daktari awe macho.

Tatizo lilianza kwa maumivu ya chembe ya moyo, yale ya kuunguza ambayo hupungua mtu akila na kurudi usiku wa manane. Hakuyapeleka kliniki yake, kwa sababu siku ya kliniki ilikuwa bado wiki tano na kwa sababu, kwa maelezo yake, kule ni kwa presha na sukari. Alikwenda zahanati iliyo karibu na nyumbani, akapimwa choo, akakutwa na bakteria wa Helicobacter pylori, na akaandikiwa tiba ya dawa tatu kwa siku 14: omeprazoli miligramu 20, amoksilini gramu 1 na klarithromaisini miligramu 500, zote asubuhi na jioni. Tiba hiyo ni ya kawaida kabisa. Tangu Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipoonyesha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwamba vidonda vingi vya tumbo vinaletwa na bakteria huyo, ugunduzi uliowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2005, mchanganyiko wa aina hii umewaponya watu wasiohesabika, na katika maduka yetu ya dawa huuzwa ukiwa umefungwa kabisa kwenye pakiti moja, kila siku na ukanda wake.

Mganga wa zahanati aliuliza maswali mawili yanayostahili kuulizwa. La kwanza lilikuwa kama mzee ana mzio wa penisilini, naye akajibu hana. La pili lilikuwa kama anatumia dawa nyingine, naye akajibu, "Natumia za presha na sukari, mwanangu." Jibu hilo lilikuwa la kweli na halikukamilika. Kidonge cha usiku hakikutajwa kwa sababu mzee hakukihesabu kuwa dawa ya ugonjwa. Presha aliwahi kuisikia kichwani na sukari aliwahi kuisikia kwenye kiu, lakini lehemu hakuwahi kuisikia popote. Nina hakika wasomaji wengi waliowahi kukaa nyuma ya kaunta wamelisikia jibu hilo kwa maneno hayohayo.

Siku ya nane ya tiba mapaja yalianza kuuma. Maumivu yalikuwa ya pande zote mbili, mazito, ya ndani ya nyama, kama ya mtu aliyelima heka nzima kwa jembe la mkono, na kwa kuwa kweli alikuwa amepalilia mihogo siku mbili kabla, hakuna aliyeyashangaa. Siku ya kumi mabega nayo yaliuma, na kupanda ngazi tatu za kibarazani kukawa kazi. Dukani alinunua diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kidonge kimoja mara tatu kwa siku, bila kueleza wala kuulizwa zaidi. Siku ya kumi na mbili mkojo ulibadilika rangi, akaanza kutapika, na jioni miguu ikakataa. Aliendelea kumeza dawa zote, za vidonda na za kliniki, mpaka asubuhi ya siku hiyo, kwani aliambiwa kwa msisitizo kwamba akikatisha dozi bakteria watakuwa sugu. Na hilo aliloambiwa lilikuwa sahihi.

Mtu mwenye mkojo mweusi akiletwa hospitali ya Tanga usiku, wazo la kwanza la kila mmoja ni malaria kali iliyovunja chembe nyekundu za damu, na sina sababu ya kulilaumu wazo hilo. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu, na darubini ilithibitisha hivyo. Joto la mwili lilikuwa la kawaida. Shinikizo la damu la mtu ambaye kwa miaka 14 alikuwa akipambana nalo lisipande lilikuwa 92 kwa 58. Misuli ya mapaja iliuma ilipobonyezwa, na nguvu zake zilikuwa zimepungua zaidi kwenye nyonga na mabega kuliko kwenye vidole na nyayo, jambo linaloelekeza kwenye misuli yenyewe badala ya mishipa ya fahamu.

Kilichofungua kitendawili ni kipimo cha bei ndogo kuliko vyote. Kijiti cha kupimia mkojo kilionyesha damu kwa kiwango cha juu kabisa, lakini mtaalamu wa maabara alipouweka mkojo huohuo chini ya darubini hakuona chembe nyekundu hata moja. Kijiti hakitofautishi damu na vitu vinavyofanana nayo. Kinaitikia madini ya chuma yaliyomo ndani ya himoglobini, na vilevile yaliyomo ndani ya mayoglobini, ile protini inayoipa nyama ya misuli wekundu wake. Mkojo unaosema "damu" pasipo chembe za damu unataka majibu mawili tu ya awali: ama chembe nyekundu zimevunjika ndani ya mishipa, ama misuli imevunjika. Himoglobini ya mzee ilikuwa gramu 12.8 na macho yake hayakuwa na manjano, kwa hiyo upande wa misuli ukawa na uzito zaidi. Kreatini kinesi, kimeng'enya kinachokaa ndani ya misuli na ambacho katika damu ya mtu mzima kwa kawaida hakizidi sana yuniti 200 kwa lita, kilirudi kikiwa yuniti 38,400. Kreatinini ilikuwa mikromoli 436, na potasiamu milimoli 6.4 kwa lita, kiasi kinachoweza kuusimamisha moyo.

Hali hii ya misuli kuvunjika kwa wingi na kumwaga vilivyomo ndani yake kwenye damu huitwa rabdomayolisisi. Mayoglobini ikifika kwa wingi kwenye figo huganda na kuziba mirija yake midogo na kuidhuru moja kwa moja, hasa figo hizo zikiwa zimekosa maji. Potasiamu iliyokuwa imefungiwa ndani ya misuli huingia kwenye damu wakati uleule ambapo figo, zilizopaswa kuitoa, zimelala.

Matibabu hayakuwa ya ajabu, ila yalihitaji watu wa kukesha. Dawa zote alizokuja nazo zilisimamishwa usiku uleule, si simvastatini na klarithromaisini tu bali pia diklofenaki, losatani na metformini, kwa kuwa figo zilizoumia haziwezi kuvumilia diklofenaki na losatani na haziwezi kuitoa metformini. Kwa ajili ya moyo alipewa kalsiamu glukoneti kwenye mshipa, kisha insulini pamoja na glukosi ili kuirudisha potasiamu ndani ya chembe. Maji ya chumvi yalipitishwa mshipani kwa wingi, huku mkojo ukipimwa kila saa kwa lengo la kuufikisha mililita 200 hadi 300 kwa saa, na mapafu yakisikilizwa mara kwa mara, kwani mzee wa kilo 57 mwenye figo zilizofunga anaweza kuzamishwa na maji yaleyale yanayokusudiwa kumwokoa. Kwa saa 16 za kwanza mkojo ulikuwa wa kudondoka. Mazungumzo ya kumpeleka kwenye mashine ya kusafisha damu yalikwisha kufanywa na binti yake alikwisha kuanza kupigia ndugu simu kuhusu gharama, ndipo mkojo ulipofunguka. Siku ya tatu kreatini kinesi ilikuwa imeshuka hadi 15,900, siku ya saba hadi 1,850, na siku ya kumi na moja aliruhusiwa kurudi nyumbani akitembea kwa mkongojo, kreatinini ikiwa 168.

Sasa tuitazame sababu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sehemu inayostahili muda mrefu zaidi, kwa sababu anayeielewa hahitaji kukariri orodha ndefu za dawa zisizopatana.

Simvastatini humezwa ikiwa bado haijawa dawa kamili. Mwili ndio unaoigeuza kuwa umbo linalozuia ini kutengeneza lehemu. Lakini kabla ya hapo hupita kwenye forodha kali. Ukuta wa utumbo mwembamba na ini vimejaa kimeng'enya kiitwacho saitokromu P450 3A4, ambacho kazi yake ni kuvunja na kuondoa vitu vigeni tunavyokula na kunywa, na kimeng'enya hicho huikamata simvastatini kwa bidii kubwa kiasi kwamba sehemu inayofika kwenye mzunguko mkuu wa damu ikiwa tayari kwa kazi ni chini ya asilimia 5 ya kile kilichomezwa. Watengenezaji walilijua hilo. Kidonge cha miligramu 40 kimepimwa kwa kuhesabia hasara, kama mfanyabiashara anayepakia nyanya kutoka Lushoto akijua kiasi kitakachoozea njiani. Jambo la hatari ni kwamba hesabu hiyo inategemea hasara itokee kweli kila siku.

Klarithromaisini huiondoa hasara hiyo. Kimeng'enya kinapojaribu kuivunja, zao linalotokea hujibandika kwenye kimeng'enya chenyewe na kukifunga kabisa, na kilichofungwa hakifunguki tena. Mwili lazima utengeneze kipya, kazi inayochukua siku kadhaa. Katika utafiti uliowapa watu wenye afya simvastatini miligramu 40 pamoja na klarithromaisini miligramu 500 mara mbili kwa siku, jumla ya simvastatini iliyopita kwenye damu yao iliongezeka takriban mara 10. Kwa lugha ya mzee wetu, kidonge chake cha usiku kiligeuka kuwa kama vidonge kumi bila yeye kuongeza hata kimoja. Kwa atovastatini, dawa nyingine ya lehemu ya ukoo wa simvastatini, ukoo uitwao statini, ongezeko lilikuwa takriban mara nne na nusu. Kwa pravastatini, ambayo haipitii forodha hiyo ya 3A4, lilikuwa takriban mara mbili, kwani klarithromaisini huvuruga pia milango inayoziingiza statini ndani ya ini.

Hapo ndipo linapojibiwa swali ambalo nimelisikia mara nyingi, tena kutoka kwa watu waliosoma: je, haitoshi kuzitenganisha kwa saa, kimoja asubuhi na kingine usiku? Haitoshi. Ushauri wa kutenganisha kwa saa unafaa pale ambapo dawa mbili zinashikana tumboni, kama vidonge vya madini ya chuma na tetrasaiklini. Hapa hazigusani kamwe. Kimeng'enya kilichofungwa na kidonge cha asubuhi bado kimefungwa usiku, na kingali kimefungwa kesho yake.

Kwa nini misuli, wala si kiungo kingine, ndiyo iliyoumia, jambo hilo lina maelezo zaidi ya moja. Statini huzuia njia ambayo mwisho wake ni lehemu, lakini njia hiyohiyo katikati yake hutoa vitu vingine ambavyo chembe za misuli huvihitaji kwa ajili ya nishati na uimara wake. Kiwango cha dawa kikiwa kidogo na kikibaki zaidi kwenye ini, misuli haijui lolote. Kikifurika kwenye damu, misuli nayo hupata sehemu yake. Umri mkubwa, mwili mdogo, kisukari na figo zilizochoka ni mambo yanayojulikana kuongeza hatari, na mzee alikuwa nayo yote manne.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo lilikuwepo hata kabla ya vidonda vya tumbo, nalo ni amlodipini. Dawa hiyo ya presha huibana 3A4 kidogo, na kwa sababu hiyo mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza mwezi Juni 2011 kwamba anayeitumia asizidishe simvastatini ya miligramu 20 kwa siku. Kliniki ilimpa 40. Kwa mwaka mzima hakuna lililotokea, na huenda lisingetokea kamwe; lakini klarithromaisini ilipofika ilikuta nafasi ya usalama imeshaliwa nusu. Halafu amlodipini yenyewe huondolewa na kimeng'enya hichohicho, kwa hiyo nayo ilipanda kwenye damu, na ile presha ya 92 kwa 58 ambayo wengi wangeitafsiri kuwa ni upungufu wa maji tu ilikuwa, kwa sehemu nzuri, ni amlodipini iliyozidi. Figo zilizopungukiwa msukumo wa damu, zikiwa na losatani upande mmoja na diklofenaki upande wa pili, ndizo zilizopokea mzigo wa mayoglobini. Ninaeleza haya kwa kirefu kwa sababu taarifa za visa vya namna hii hupenda kuandika "simvastatini na klarithromaisini" na kuishia hapo, ilhali figo za mzee zilizidiwa na dawa tano. Angekuwa pia anatumia glibenklamidi kwa ajili ya sukari, kama wengi wa rika lake, klarithromaisini ingeweza kumshushia sukari hadi kupoteza fahamu, na huenda asingefika siku ya kumi na mbili bila kuanguka.

Je, jambo hili hutokea mara ngapi? Watafiti wa jimbo la Ontario nchini Kanada walichapisha mwaka 2013 hesabu ya wazee wa zaidi ya miaka 65 waliokuwa wakitumia statini zinazovunjwa na 3A4. Waliwalinganisha 72,591 walioandikiwa klarithromaisini na 3,267 walioandikiwa eritromaisini, kwa upande mmoja, na 68,478 walioandikiwa azithromaisini, ambayo ni ya ukoo mmoja na hizo mbili lakini karibu haiigusi 3A4 kabisa. Ndani ya siku 30, kulazwa kwa ajili ya misuli kuvunjika kuliongezeka zaidi ya mara mbili katika kundi la kwanza. Kwa hesabu ya vichwa, ongezeko hilo ni watu 2 tu katika kila 10,000, na mtu angeweza kusoma hapo na kufunga kitabu. Ila waliolazwa kwa figo kuumia ghafla waliongezeka kwa watu takriban 126 katika kila 10,000, na waliokufa kwa takriban 25. Tofauti kati ya namba hizo inanifanya nishuku kwamba wengi waliodhurika hawakuwahi kupimwa misuli. Walifika wakiwa wachovu, presha imeshuka, kreatinini imepanda, wakaandikwa kuwa ni wagonjwa wa figo. Mzee wetu naye angeandikwa hivyohivyo laiti yule wa maabara asingetazama darubini.

Nimesema kwamba waganga wote wawili walikuwa na haki, na sitaki nieleweke kuwa ninawasamehe kila kitu. Aliyetoa klarithromaisini hakujua kuhusu simvastatini, na asingeweza kujua kwa swali aliloliuliza. Swali la "unatumia dawa gani nyingine" humwachia mgonjwa kazi ya kuamua dawa ni nini, na mgonjwa huamua kwa kipimo cha maumivu. Swali linalozaa ni lile linalofuata saa: asubuhi ukiamka unameza nini, mchana unameza nini, usiku kabla ya kulala unameza nini. Bora zaidi ni kuomba vidonge vyenyewe viletwe kwenye mfuko wa plastiki, hata kama ni kesho yake, kwani vidonda vya tumbo vilivyosubiri miezi vinaweza kusubiri usiku mmoja. Mwenye duka aliyeuza diklofenaki kwa mzee wa presha na kisukari, bila neno, ana deni kubwa zaidi katika kisa hiki kuliko wanavyodhani wengi, kwa sababu yeye ndiye pekee aliyemwona mgonjwa akiwa tayari na dalili. Maumivu mapya ya misuli ya pande zote mbili kwa mtu anayetumia statini, na ambaye ameanzishiwa dawa nyingine siku chache zilizopita, yanatosha kuisimamisha statini siku hiyohiyo na kupima damu.

Kilichohitajika kufanywa mwanzoni, simvastatini ingejulikana, kilikuwa chepesi mno. Ingesimamishwa kwa siku zote 14 za klarithromaisini na kwa wiki moja baada yake, ili kimeng'enya kipate muda wa kutengenezwa upya. Lehemu hujenga ukuta ndani ya mishipa kwa miaka, na wiki tatu bila kidonge, kwa mtu ambaye moyo wake umetulia, hazibadilishi jambo la maana. Kwa mtu aliyetoka kupata shambulio la moyo wiki chache zilizopita mimi nisingeisimamisha bali ningeibadilisha, nimpe rosuvastatini au pravastatini, ambazo hazitegemei 3A4. Njia ya pili ni kuibadilisha tiba ya vidonda vyenyewe, kwa kutumia mchanganyiko wa bismathi, tetrasaiklini na metronidazoli pamoja na omeprazoli, usio na klarithromaisini ndani yake. Azithromaisini, ambayo ni mbadala mzuri mtu akiwa na ugonjwa wa kifua, haina nafasi hiyo kwenye H. pylori, na ninalitaja hilo kwa kuwa nimeona watu wakiibadilisha kwa nia njema na kumwacha mgonjwa na bakteria wake.

Pakiti ya vidonda vya tumbo si mlango pekee wa ajali hii. Itrakonazoli na ketokonazoli, dawa za fangasi ambazo watu hununua kwa ajili ya kucha na ngozi, hukibana kimeng'enya hichohicho kwa nguvu, na ndivyo ilivyo kwa ritonavia iliyomo kwenye baadhi ya mchanganyiko wa pili wa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Juisi ya balungi hufanya hivyo pia kwenye utumbo, ingawa ni kwa kiasi kidogo isipokuwa kwa anayeinywa kwa wingi kila siku. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: huuamuru mwili utengeneze 3A4 kwa wingi, na simvastatini kwenye damu hupungua kwa takriban asilimia 87, kiasi kwamba mgonjwa humeza kidonge kwa miezi sita bila kupata kinga aliyokusudiwa. Huyo misuli yake haiumi. Lakini daktari akiona lehemu haishuki akamwongezea dozi, na baada ya tiba ya kifua kikuu kwisha dozi hiyo isirudishwe chini, ataachwa na kiasi ambacho mwili wake uliorudi kawaida hauwezi kukibeba.

Nitatoka nje ya kisa kidogo, kwa sababu historia ya dawa hizi mbili ina jambo la kufikirisha. Statini ya kwanza iligunduliwa na Mjapani Akira Endo mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya kuchunguza aina karibu 6,000 za viumbe vidogo, na aliipata kwenye ukungu wa Penicillium citrinum, ndugu wa ukungu uliotupatia penisilini. Hakuupata kwa bahati. Aliwaza kwamba huenda ukungu fulani hujilinda dhidi ya vijidudu vingine kwa kuvizuia kutengeneza kitu cha ukoo wa lehemu ambacho vinakihitaji ili viishi. Kwa maneno mengine aliitafuta statini kwa njia ileile inayotumika kutafuta antibiotiki. Klarithromaisini nayo ilitengenezwa Japani, na kampuni ya Taisho. Dawa hizi ni za ukoo wa karibu kuliko zinavyoonekana kwenye rafu, moja upande wa moyo na nyingine upande wa maambukizi.

Wiki sita baada ya kutoka hospitali mzee alirudi kliniki akitembea bila mkongojo. Kreatini kinesi ilikuwa 164. Kreatinini ilikuwa imetulia kwenye 134, na haikurudi ilipokuwa. Kipimo cha choo kilionyesha kwamba H. pylori ameondoka, ingawa dozi ilikatishwa siku mbili kabla ya kwisha. Fomu ya taarifa ya madhara ya dawa ilijazwa na kupelekwa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, na jina la klarithromaisini likaandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la kadi yake ya kliniki.

Suala la lehemu lilizua mjadala mrefu kuliko nilivyotarajia. Binti yake hakutaka kusikia habari za statini tena, na ni vigumu kumlaumu mtu aliyeshinda siku kumi na moja kando ya kitanda akipima mkojo wa baba yake kwenye chupa. Daktari alimweleza kwamba statini ikiwa peke yake huvunja misuli kwa nadra sana, chini ya mtu mmoja katika kila 10,000 kwa mwaka, na kwamba kwa mwanamume wa miaka 69 mwenye presha na kisukari hatari ya kiharusi na shambulio la moyo ni kubwa kuliko hiyo kwa mbali sana. Walikubaliana kuanza na rosuvastatini miligramu 5, dozi ya chini kabisa, na kupima damu baada ya wiki nne. Mzee mwenyewe aliuliza swali moja tu, kama hicho nacho ni cha usiku. Aliambiwa kwamba rosuvastatini inaweza kumezwa saa yoyote, naye akaamua kukiweka pamoja na vya asubuhi, "kikae na wenzake, nisikisahau nikiulizwa."